Mtungi wa Babu na Mwenzake wa Gikomba: Shajara ya Mradi

Jumamosi, 1 Machi

Mama amekubali hatimaye. Mtungi wa babu, jerikeni ya chuma, umetoka Machakos hadi Umoja ukiwa ndani ya gunia, na makanga amenitoza shilingi mia ya mzigo kwa sababu, kwa maneno yake, "huu mzigo unanuka lori." Hakukosea. Umekaa nyuma ya jiko la mama zaidi ya miaka kumi bila kazi, lakini nilipofungua kifuniko nyumbani bado ulinipiga na harufu ya mafuta yaliyochacha, imechanganyika na tope.

Hadithi niliyokulia ni hii: babu alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Mwingereza, akaenda vita vya Abisinia mwaka 1941, akarudi na mtungi huu. Baadaye ukawa wa maji. Mama mwenyewe alitumwa nao mtoni akiwa msichana, na anaujua uzito wake hadi leo kwenye kiuno.

Mimi ni fundi wa friji. Chuma, mabomba na mipira ya kuzuia uvujaji ndiyo riziki yangu, kwa hiyo kazi yenyewe hainitishi. Kinachonitisha ni haraka yangu. Mkono ulishaanza kutafuta grainda nikiwa bado sijavua viatu. Nimeifungia kabatini na ufunguo nimempa mke wangu.

Jumapili, 2 Machi

Leo ni kusoma tu. Nimeuosha kwa sabuni ya unga na brashi ya nguo, nje peke yake, nikauanika.

Umbo ni lile ambalo kila mtu analijua: vishikio vitatu juu, ubavuni alama kubwa kama herufi X iliyobonyezwa, mdomo mfupi pembeni wenye kifuniko cha wenzo. Hiyo X si pambo. Petroli ikipata joto hutanuka, na bati bapa lingevimba na kupasua mshono. Lililobonyezwa hivyo lina nafasi ya kupumua. Vishikio vitatu navyo vina hesabu yake. Mtungi uliojaa unaweza kubebwa na watu wawili, kila mmoja na kishikio chake cha pembeni. Mtu mmoja akiwa na mitungi mitupu, anashika miwili kwa mkono mmoja. Tena mafuta hayajai hadi juu kabisa, hubaki hewa chini ya vishikio. Kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, mtungi uliojaa ukitumbukia mtoni unaelea.

Karibu na kitako kulikuwa na kitu kama kovu chini ya rangi. Nikachomoa karatasi kwenye daftari la kuchorea la binti yangu, nikaiweka juu ya lile kovu, nikapitisha penseli kwa ubavu, polepole, kama tulivyokuwa tukinakili sarafu shuleni. Kwanza ikaja W. Kisha mshale unaoelekea juu. Kisha D. Chini yake tarakimu nne.

Binti yangu ndiye aliyesoma kwanza: "Baba, ni 1945."

Nikarudia kwa karatasi nyingine. 1945. Tano ile haina shaka, ina tumbo na mkia.

W na D ni War Department, idara ya vita ya Uingereza, na ule mshale ni alama ambayo serikali yao iliitia kwenye mali yake kwa karne kadhaa. Mtungi basi ni wa Mwingereza, wa jeshi. Ila kampeni ya Abisinia iliyotokea huku kwetu ilianza mapema 1941: Mogadishu ilitekwa Februari 25, Addis Ababa Aprili 6. Mtungi uliotengenezwa 1945 haukuwa huko. Haukuwa umezaliwa.

Sijui nitamwambiaje mama.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia. Amenyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema labda namba zimefutika. Nikamwambia hazijafutika, ndiyo maana nimezisoma. Hapo nikaongeza la pili, ambalo ni zito kuliko la mwaka: huu haukuwa mtungi wa maji.

Waingereza walipotengeneza mitungi ya maji walilipiga chapa neno WATER kwenye chuma chenyewe, ili hata rangi ikiondoka mtu asikosee gizani. Wajerumani walichora msalaba mkubwa mweupe. Wamarekani walifanya mtungi wa maji uwe na mdomo mpana na kifuniko cha bawaba, na ule wa petroli mdomo wa kuzungusha. Majeshi yote yalijua kwamba mtungi ukishaonja petroli haufai tena kwa maji ya kunywa. Wa babu hauna WATER popote. Nimeutafuta kwa penseli pande zote sita.

Na petroli ya siku zile ilikuwa na risasi. Simaanishi ya bunduki, namaanisha madini yenyewe, yaliyotiwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge. Sisi kusini mwa Sahara tuliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha 2021, na tangazo likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri. Risasi haivukizi kama petroli. Petroli ikikauka, risasi hubaki kwenye utando ulioganda ndani.

Mama akasikiliza yote hayo, akauliza: "Na mbona hatukufa?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema labda babu aliuchemsha. Akasema babu hakuwahi kuchemsha kitu maishani mwake.

Jumamosi, 8 Machi

Gikomba, kwa watu wa vyuma kuukuu. Nilikwenda kutafuta kifuniko cha akiba, nikarudi na mtungi mzima. Muuzaji aliuinua juu ya kichwa: "Mkubwa, huu ni wa Hitler mwenyewe! Original! Elfu tatu." Tukashuka hadi elfu moja mia mbili, na chai nikanunua mimi.

Niliununua nikijua anadanganya, au tuseme anaamini uongo wa aliyemuuzia. Sababu ni kitako chake. Mtungi wa Kijerumani ni nusu mbili za bati zilizokutanishwa katikati na kuchomelewa, na mshono umezama ndani ya mfereji ili usipigwe. Huu wa Gikomba kitako kimekunjwa ukingoni kama mkebe wa maziwa ya unga.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya mapema, niko ndani na penseli. Herufi zilizotoka: US. Kisha ICC-5L. Kisha 20-5-52.

Hiyo ya mwisho watu wengi huifikiria tarehe, ishirini Mei 1952. Siyo. 20 ni unene wa bati kwa kipimo cha mabati, 5 ni galoni tano za Kimarekani, yaani lita 18.9, na 52 ndio mwaka. ICC ilikuwa tume ya Marekani iliyosimamia uchukuzi kati ya majimbo, na mtungi wenye alama yake uliruhusiwa kubeba mafuta barabarani. Ungekuwa wa wakati wa vita vya pili tungetarajia QMC, idara yao ya ugavi. Kwa hiyo "wa Hitler" ni Mmarekani aliyezaliwa miaka saba baada ya Hitler kufa. Namna alivyofika Gikomba anaijua yeye na Mungu wake.

Lakini muuzaji hakukosea kila kitu, maana babu wa mitungi yote hii ni Mjerumani. Mwaka 1937 kampuni ya Müller ya mji wa Schwelm, ambako mhandisi mkuu alikuwa Vinzenz Grünvogel, ilibuni mtungi wa lita 20 kwa ajili ya jeshi. Waliufanya siri. Mwaka 1939 mhandisi Mmarekani, Paul Pleiss, alitaka kusafiri kwa gari kutoka Berlin hadi India na mwenzake Mjerumani, na hawakuwa na chombo cha maji ya akiba. Yule Mjerumani alijua ilikowekwa mitungi hiyo, uwanja wa ndege wa Tempelhof, akachukua mitatu. Ndivyo siri ilivyotoka: watu wawili waliogopa kiu jangwani. Pleiss aliwaonyesha wakubwa wa jeshi la kwao, wakaushusha thamani kwanza, kisha wakaiga umbo na ukubwa lakini wakabadilisha mishono na mdomo ili kazi iwe rahisi kiwandani. Walichookoa kiwandani walikilipa barabarani, kwa sababu mshono wa kukunjwa unavuja mapema kuliko wa kuchomelewa, na mdomo wa kuzungusha unahitaji spana na mrija wa kumiminia. Mjerumani anafungua kwa kidole gumba, anamimina, na kijibomba cha hewa ndani ya mdomo kinazuia mafuta yasiruke "glu glu" hadi kwenye viatu.

Waingereza wao walikuwa wakitumia nini? Debe. Lile lile debe letu, bati jepesi la galoni nne, yapata lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Yalikuwa rahisi, yalitupwa baada ya kutumika, na yalivuja vibaya. Katika jangwa la Afrika Kaskazini makamanda wao walikadiria kwamba karibu theluthi ya petroli ilimwagika njiani kabla ya kufikia gari. Askari walipoteka mitungi ya Wajerumani waliing'ang'ania, na kwa kuwa Mjerumani kwao aliitwa Jerry, chombo kikabaki na jina: jerikeni. Kisha viwanda vya Uingereza vikaunakili kitu kwa kitu.

Sisi debe tuliligeuza kuwa kipimo. Mahindi hadi leo yanauzwa kwa debe. Jeshi lililalamika juu ya kitu ambacho shosho sokoni alikuwa na raha nacho.

Jumamosi, 15 Machi

Dirisha la rangi. Msasa wa maji namba 400, kipande cha ukubwa wa yai, duara dogo dogo, maji mengi. Lengo ni kushuka polepole mpaka kila rangi ibaki na pete yake, kama kitunguu kilichokatwa.

Juu kabisa bluu ya mbingu. Nikapiga picha, nikamtumia mama. Jibu halikuchukua dakika: "Hiyo ni ya milango. Tulipoezeka nyumba ya mabati." Basi hiyo ni rangi ya familia. Chini yake kijani kibichi chenye mng'ao, karibu cheusi. Hiyo ndiyo jeshi la Uingereza lilipaka magari yake baada ya vita. Chini yake tena kijani cha zeituni kisichong'aa, kilichofubaa kama jani la mparachichi lililokauka, na hii inalingana na rangi waliyoanza kutumia 1944. Halafu chuma.

Rangi tatu, na zote zinakubaliana na ile 1945. Mtungi ulitoka kiwandani na zeituni, ukabaki jeshini hadi ukapakwa upya, ndipo ukafika kwetu. Babu aliupata baadaye, kwa namna yoyote ile. Sitakwangua bluu yote. Nimeamua ubavu mmoja ubaki na dirisha hili chini ya vanishi, na kwingine nirudishe zeituni.

Jumamosi, 22 Machi

Kazi ya ndani inaanza. Nimekwenda soko la Mutindwa kununua magadi. Mama muuza nafaka alinipimia nusu kilo akaniuliza, "Unapikia harusi ya nani?" Nikamwambia napika mtungi. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mke wangu.

Magadi, yale yale ya kulainisha maharagwe, yanayotoka ziwa la jina hilo kule kusini, ndiyo yanayofanya maji yapitishe umeme vizuri bila kuula mtungi. Nimeyayeyusha kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita, nikachuja mchanga kwa kitambaa. Mtungi nikaujaza. Kipande cha nondo nikakining'iniza ndani kupitia mdomoni, nimekivika vifuniko vya chupa za plastiki ili kisiguse bati. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye mtungi, chanya kwenye nondo. Baada ya dakika tano povu likaanza kupanda, rangi ya chai ya rangi, halafu ya ugoro. Kutu inaachia chuma, nondo ndiyo inayoliwa.

Tahadhari mbili kwa atakayejaribu. Povu hilo lina haidrojeni, kwa hiyo nje, mbali na sigara na jiko. Na usitumie kijiko au chuma kisichoshika kutu badala ya nondo. Kina kromiamu, na maji yatakayobaki yatakuwa sumu ya kweli.

Keateka wa ploti amepita mara tatu. Mara ya tatu akauliza kama ninatengeneza chang'aa.

Jumapili, 23 Machi

Nimefanya upuuzi, na naandika ili nisisahau.

Jana saa mbili usiku stima ilipotea. Nikachomoa nyaya zote, maana ikirudi kwa kishindo inaweza kuua chaja. Ikarudi saa nne. Nikashuka na tochi ya simu mdomoni, nikaunganisha, nikaona povu, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Sasa, klipu nyekundu ya chaja yangu ilivunjika mwaka jana, nikaweka nyeusi. Klipu zote mbili ni nyeusi.

Asubuhi nondo ilikuwa safi inang'aa. Nikaipenda kwa sekunde moja, ndipo tumbo likashuka. Nondo haitakiwi kuwa safi. Nilikuwa nimegeuza: usiku kucha, saa nane nzima, mtungi wa babu ndio ulikuwa ukiliwa kuiokoa nondo ya shilingi themanini.

Nimepaka klipu moja rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Nilipaswa kufanya hivyo mwaka jana.

Jumamosi, 29 Machi

Umeme hufika pale tu nondo inapoona, hivyo pembeni na chini ya vishikio kulibaki magamba. Dawa yake ni kusugua kwa kutikisa. Jirani wanajenga ghorofa. Nimezungumza na fundi mkuu wa pale, na saa ya chakula cha mchana, kwa soda mbili na chapati, mtungi ukiwa na mnyororo wa baiskeli na nati kiasi cha viganja viwili ndani, umefungwa blanketi kuukuu na kamba, ukaingia kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Dakika ishirini. Kelele zake zilitoa watu kwenye baa ya ng'ambo.

Ulipotoka ndani ulikuwa wa kijivu, safi, nikaona mshono wote kwa tochi. Kisha jaribio: nikaziba mdomo kwa mpira, pampu ya baiskeli mara chache tu, sabuni kwenye mshono wote. Karibu na kitako, kushoto, kakapulizika kapovu kamoja. Kakapasuka. Kakaja kengine.

Tundu la sindano. Siwezi kuapa kwamba ni la ule usiku wa Jumamosi, bati lilishaliwa miaka mingi. Lakini najua.

Jumamosi, 5 Aprili

Kariobangi, kwa fundi wa kuchomelea. Alikuwa ameshavaa miwani na kushika kishikio nilipomzuia.

"Bosi, hii ilimaliza petroli zamani. Haiwezi kulipuka."

Watu wengi hufikiri hivyo, na ndiyo sababu naandika aya hii ndefu kuliko tundu lenyewe. Mtungi uliojaa petroli unaungua. Ule unaoitwa mtupu ndio unaolipuka. Petroli ya maji haishiki moto, mvuke wake ndio unaoshika, na unahitaji kuchanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6 tu. Matone machache yaliyojificha kwenye mshono, yakipata joto la moto wa kuchomelea, yanatosha kabisa kufikisha kiasi hicho ndani ya chombo cha lita 20. Wangu ulikuwa umeoshwa kwa sabuni, ukachemka na magadi wiki nzima, ukasuguliwa, na bado sikuukubali.

Tukaujaza maji, tukauinamisha mpaka tundu likawa juu na hewa iliyobaki ndani ni ya ukubwa wa ngumi, mdomo wazi. Badala ya kuchomelea, nikamwomba alehemu kwa shaba na gesi, maana bati limekuwa jembamba. Alichukua dakika sita na shilingi mia tatu. Alipomaliza akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwenzake kule mtaani aliwahi kuungua uso kwa tangi la pikipiki. "Lilikuwa limekauka kabisa," akasema.

Mtungi wa Gikomba nimeuacha bila kuushughulikia ndani. Mshono wake wa kitako umeoza mzunguko mzima. Utapakwa rangi, utakuwa wa kuonyesha watu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimeumwagia ndani maji safi mara nne kisha nikauacha "ukauke" usiku mmoja. Asubuhi ndani ulikuwa wa rangi ya chungwa. Chuma kitupu hakisubiri. Nimerudia kwa siki na kuutikisa, nikasuuza na magadi kidogo kuua ukali, nikaukausha hapo hapo kwa mashine ya kukaushia nywele, nikamimina dizeli nusu lita na kuuzungusha kila upande. Sasa haushiki.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpira wa kifuniko. Ule wa zamani ulivunjika mkononi kama biskuti. Wapo wanaokata tyubu ya baiskeli, na mimi nilitaka kuona. Nilikata duara likakaa sawasawa kwenye mfuo wake, nikalitumbukiza kwenye kikombe cha petroli usiku mmoja. Asubuhi lilikuwa limevimba na kulegea kama mkate kwenye chai, haliingii tena. Nimekwenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa vipuri bado wanaiita Grogan, nikapata raba ya naitrili, ile inayovumilia mafuta. Vipande viwili, kimoja cha akiba. Kijibomba cha hewa kilikuwa kimezibwa na kiota cha nyigu, nikakizibua kwa spoku.

Rangi: praima nyekundu mara moja, zeituni isiyong'aa mara mbili, zote kwa brashi. Nilijaribiwa kutumia mashine ya kupulizia lakini zile W na D zingejaa rangi na kupoteza kingo. Kwa brashi iliyokauka nusu, herufi zimesimama. Ule mshale unaonekana kutoka mlangoni.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Machakos. Makanga mwingine, hakuna aliyelalamika harufu.

Mama ameuzungukia mara mbili kabla ya kuugusa. Amepitisha kidole kwenye dirisha la rangi, pete kwa pete, akasimama kwenye bluu. Nikamwonyesha 1945. Safari hii hakubisha. Amekaa kimya, halafu akasema kitu ambacho miaka yote hakuwahi kukisema, labda kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

"Lakini yeye alikuwa akisema *madebe*. Alikuwa akisema njia yote ya Abisinia lori lilikuwa limelowa, madebe yanavuja, na mtu akiwasha sigara nyuma wanampiga. Hakusema mtungi. Mtungi tulisema sisi."

Nikamwomba arudie, nikaandika kwenye simu neno kwa neno.

Ubavuni nilikuwa nimeandika PETROLI kwa stensili ya karatasi ya manila, nyeupe, herufi za urefu wa kidole. Mama amesoma, akacheka, akasema sasa hata akitaka kuchotea maji majirani watamshtaki. Kisha ameuvuta hadi kivulini chini ya mwembe, akaulaza kwa ubavu, akaukalia, na kuendelea kupukuchua mahindi kwenye debe.